ELIMU YA VIUMBE: Mbawakawa Aliyeacha Mavi Akawinda Majongoo

Wahenga walisema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Methali hiyo hutumika barazani na nyumbani, mtu anapotaka kumhukumu mwenzake kwa ukoo wake kabla ya kuyatazama matendo yake. Lakini yumo mdudu mmoja mdogo katika misitu ya Peru, Amerika ya Kusini, ambaye maisha yake yaipinga methali hiyo waziwazi. Ukoo wake ni ukoo wa wala mavi. Ndugu zake hutengeneza madonge ya mavi na kuyafingirisha hadi mafichoni. Yeye hafingirishi donge lolote. Huwinda majongoo, huwakata vichwa, na kuwala.

Mdudu huyo alipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1873, lakini habari kamili za maisha yake hazikuchapishwa mpaka mwaka 2009. Ndiyo kusema kwamba kwa muda wa miaka 136 alikuwa na jina kitabuni na pini mgongoni ndani ya masanduku ya makumbusho, na huku kazi yake msituni haijaelezwa sawasawa. Habari hizi zafaa kusimuliwa taratibu, kwa kuwa zaonyesha mambo mawili ambayo watu wengi hudhani ni jambo moja: kumtambua kiumbe kwa jina, na kumjua mahali anapoishi na anachokitafuta.

UKOO WA WALA MAVI

Mbawakawa ni mdudu mwenye mbawa nne, mbili za juu zikiwa ngumu kama kifuniko, na mbili za chini zikiwa nyembamba na laini, ambazo ndizo za kurukia. Wale wa mavi wanajulikana na kila mchungaji. Asubuhi ng'ombe wakiisha kutoka bomani, mtu akiyageuza mavi mabichi kwa kijiti huwaona wakihangaika ndani yake, wengine wakubwa kama ncha ya kidole gumba, wengine wadogo kama punje ya mtama. Watoto wa machungani hupenda sana kumtazama yule anayelifingirisha donge kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, akirudi kinyumenyume.

Aina za ukoo huo zilizokwisha kupewa majina duniani zapita 6,000, nazo hugawanyika katika makundi matatu kwa kazi zao. Kundi la kwanza ni wafingirishaji, ambao hukata kipande cha mavi, hukiviringa kikawa donge, na kukipeleka mbali wakakizike. Kundi la pili ni wachimbaji, ambao huchimba shimo papo hapo chini ya mavi na kuyashusha ndani kidogo kidogo. Kundi la tatu ni wakaaji, ambao hawana haja ya kwenda popote, bali hula na kuzaa ndani ya mavi yenyewe.

Faida yao kwa mkulima ni kubwa. Mavi yakiachwa juu ya ardhi hukaushwa na jua, na nguvu yake nyingi hupotea hewani. Mavi yakizikwa huwa mbolea penye mizizi. Kadhalika mashimo ya wachimbaji huipa ardhi pumzi na njia ya maji, na mainzi wanaozaa katika mavi hukosa mahali pa kulelea funza wao. Katika misitu wana kazi nyingine tena, kwani nyani na wanyama wengine wanaokula matunda hutoa mbegu pamoja na mavi, na mbawakawa akiyazika mavi huzizika na mbegu, nazo huota mbali na meno ya panya.

Lakini kazi hiyo hufanywa kwa kugombaniana. Katika habari iliyochapishwa mwaka 1974, wataalamu Anderson na Coe walieleza juu ya fungu la mavi ya tembo la kilo 1.5 katika Afrika Mashariki, ambalo lilivamiwa na mbawakawa wapatao 16,000, na baada ya muda wa saa 2 halikubaki kitu. Msomaji na aliweke jambo hilo akilini, maana huenda ndimo ilimo sababu ya mdudu wa Peru kuuacha mlo wa baba zake.

ALAMA ZA MWILI

Mtu akitaka kumtambua mbawakawa wa mavi, yafaa aanze na vipapasio vyake. Ncha ya kila kipapasio ina vibamba vidogo vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, ambavyo mdudu huvifungua apate kunusa. Halafu atazame kichwa. Sehemu ya mbele ya kichwa imepanuka ikawa ngao bapa, ambayo ni jembe na sepeto yake. Tatu atazame miguu ya mbele, ambayo ni mipana na ina meno ya kuchimbia kama meno ya msumeno. Mwisho atazame miguu ya nyuma: ya mfingirishaji ni mirefu na myembamba, na aghalabu imepinda ilingane na mviringo wa donge, lakini ya mchimbaji ni mifupi na minene, ya kusukumia udongo.

Alama hizo zatosha kumwonyesha mtu ukoo na kazi, lakini hazitoshi kumpa jina la aina. Pembe, kwa mfano, hudanganya sana. Katika aina nyingi dume ana pembe na jike hana, na hata madume wa aina moja hutofautiana: aliyeshiba utotoni huwa na pembe kubwa, aliyekosa chakula hupata kijipembe tu au hana kabisa. Mtu asiyejua aweza kumchukua baba, mama na mtoto wa nyumba moja akawaandika kuwa aina tatu. Kwa hiyo wataalamu hutumia hadubini, wakatazama vitone na mifereji iliyo juu ya mbawa, meno ya ngao ya kichwa, na umbo la kiungo cha uzazi cha dume, ambalo aghalabu hutofautiana hata pale sehemu nyingine za mwili zinapofanana.

Tena hawatosheki na kitabu. Kila jina la kitaalamu limefungwa kwa mdudu mmoja au wachache waliohifadhiwa, ambao ni ushahidi wa jina hilo, kama vile jiwe la mpaka lilivyo ushahidi wa shamba. Shaka ikitokea, watu hurudi kwenye ushahidi huo wakalinganisha.

UKITAKA CHA MVUNGUNI

Kumpata msituni ni kazi ya namna nyingine. Machungani mavi huonekana kwa mbali, na wadudu wake pia. Katika msitu mkubwa hakuna kundi la ng'ombe. Kuna nyani juu ya miti, nguruwe wa mwitu, na wanyama wadogo wa usiku, na mavi yao ni machache, tena hutapakaa chini ya majani makavu. Mwanga ni hafifu, na mdudu mwenyewe huenda huruka usiku tu. Hapa ndipo methali nyingine inapokuwa ya kweli: ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.

Wataalamu huinama, lakini pia hutega. Mtego wao ni rahisi, na mkulima yeyote aweza kuufahamu. Kikombe au kopo huzikwa ardhini mpaka mdomo wake uwe sawasawa na udongo. Ndani hutiwa maji kidogo yenye sabuni, mdudu akiingia asipate kuelea akatoka. Juu yake huning'inizwa chambo kilichofungwa katika kitambaa, na juu ya vyote huwekwa jani pana au sahani ya kuzuia mvua. Mbawakawa huifuata harufu ikisukumwa na upepo, hutua karibu, hutembea kuelekea chambo, na kutumbukia.

Hata umbali kati ya mtego na mtego una hesabu yake. Mitego ikikaribiana mno huibiana wadudu, na hesabu yote huharibika. Mwaka 2005 wataalamu wawili, Trond Larsen na Adrian Forsyth, walitoa shauri kwamba mtego na mwenziwe uachane kwa mita 50 au zaidi.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni chambo. Mtego wenye mavi huwanasa wapenda mavi. Ukiwekwa mzoga huja wapenda mizoga, na wako wengine wanaofuata matunda yaliyooza au uyoga. Mtu akitumia chambo cha namna moja tu, ataandika kwamba msitu hauna aina fulani, na kumbe aina hiyo ipo tele ikipita kando ya mtego wake kila usiku bila kugeuka. Yaani mtego hujibu swali lile tu aliloulizwa.

MDUDU MWENYE MIGUU YA KUPINDA

Sasa na tumrudie mdudu wa Peru. Jina lake la kitaalamu ni Deltochilum valgum. Aliyempa jina hilo mwaka 1873 ni Hermann Burmeister, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mkuu wa makumbusho ya Buenos Aires, Argentina. Neno valgum latokana na Kilatini, na maana yake ni mwenye miguu iliyopinda. Miguu ya nyuma ya mdudu huyo kweli imepinda, tena imepinda kuliko ya ndugu zake. Kwa kuwa ukoo wake wa karibu ni wa wafingirishaji, na wafingirishaji wengi wana miguu ya kupinda, alama hiyo ilionekana kuwa ni jambo la kawaida la kifamilia. Mtoto wa mfingirishaji ni mfingirishaji.

Hata hivyo palikuwa na mambo yasiyolingana. Kichwa chake ni chembamba, na ngao yake haikupanuka kama sepeto ya ndugu zake. Sahani ya ngozi ngumu iliyo mwisho wa tumbo lake nayo ina umbo lake peke yake. Zaidi ya hayo, ilikuwa imeonekana hapa na pale kwamba baadhi ya mbawakawa wa ukoo huu hukutwa pamoja na majongoo. Lakini kumkuta mtu karibu na mzoga si ushahidi kwamba ndiye aliyeua.

Larsen na wenzake watatu, Alejandro Lopera, Adrian Forsyth na François Génier, wakafanya kazi ya kuuliza swali kwa njia zote. Katika msitu wa nyanda za chini wa Peru waliweka vyambo vya namna nyingi, na miongoni mwa vyambo hivyo walitia majongoo. Ndipo ilipodhihirika kwamba Deltochilum valgum hakuwa na haja ya mavi. Alichofuata ni jongoo, tena si mzoga wake tu bali jongoo aliye hai.

Namna ya mauaji ilionekana wazi. Mbawakawa huyo si mkubwa, urefu wake haufikii sentimita moja na nusu, na jongoo aweza kumzidi urefu mara kadhaa. Humdandia jongoo na kumkumbatia kwa ile miguu iliyopinda, ambayo humshika barabara kama koleo la mhunzi. Jongoo hujinyonganyonga na kujikunja apate kumwangusha, lakini hang'oki. Kisha huipenyeza ngao yake nyembamba yenye meno katikati ya pingili za jongoo, akabenua mpaka pingili zikaachana. Mara nyingi kichwa cha jongoo hukatika kabisa. Halafu humburuta mpaka mahali pa faragha, akaingiza kichwa chake ndani ya pingili moja baada ya nyingine na kula nyama yote, akaacha magamba matupu.

Basi kila alama iliyokuwa haieleweki ikapata maana yake. Kichwa chembamba ni cha kupenya ndani ya jongoo. Meno ya ngao ni ya kubenulia. Sahani ya mwisho wa tumbo na miguu iliyopinda ni vya kumbana na kumburuta. Burmeister aliiona miguu akaipa jina. Shabaha ya miguu hiyo ikangoja mpaka watu walipoweka chambo kinachostahili. Habari hizo zilipochapishwa mwaka 2009 mdudu huyo akawa wa kwanza katika ukoo wa wala mavi kuelezwa kuwa ni mwindaji halisi.

HARUFU YA JONGOO

Wengi watauliza, mdudu wa mavi alijuaje kumtafuta jongoo? Jibu wanalo watoto wa shule waliopata kumchokoza jongoo kwa kijiti. Jongoo akisumbuliwa hujikunja kama saa ya mfukoni, na ubavuni mwake hutoka majimaji yenye harufu kali, ambayo huacha doa mkononi. Majimaji hayo ni silaha yake. Katika majongoo wengi yana dawa ziitwazo kwinoni, ambazo huchoma macho na kumchukiza ndege au mnyama anayetaka kumla. Ndiyo sababu watu humkwepa, na methali husema kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake.

Lakini silaha ya mmoja ni mwito kwa mwingine. Mbawakawa ambaye vipapasio vyake vimezoea kufuata harufu ya mavi gizani hana safari ndefu ya kujifunza harufu nyingine. Jambo hilo halipo Peru peke yake. Mwaka 2004 zilichapishwa habari za utafiti wa Côte d'Ivoire zilizoonyesha kwamba kwinoni zenyewe huwavuta mbawakawa wa mavi wanaokula mizoga ya majongoo. Na mwaka huo huo mtaalamu Frank-Thorsten Krell alichapisha habari za mbawakawa wa Afrika Mashariki wanaovutwa na majimaji hayo hayo. Hao wa Afrika hawakuelezwa kuwa ni wauaji kama yule wa Peru, lakini njia ya kwenda kwa jongoo wanaijua.

Basi inaelekea kwamba mwindaji wa Peru hakuruka hatua moja kutoka mavi hadi mauaji. Yamkini wazee wake walianza kwa kula majongoo waliokwisha kufa, kisha waliojeruhiwa, na mwisho wakawa hawangoji tena. Wataalamu waliomchunguza waliona kwamba huenda sababu ni ule ugomvi wa chakula. Mahali ambapo kila fungu la mavi hushambuliwa na wadudu wengi kwa muda mfupi, anayepata chakula kisichogombaniwa amepata shamba lake mwenyewe.

FAIDA YA JINA LA HAKIKA

Pengine mkulima atasema kwamba hayo ni mambo ya mabwana wenye hadubini, wala hayamhusu mwenye ng'ombe watatu na shamba la mahindi. Mfano wa Australia watosha kumjibu.

Ng'ombe waliingia Australia pamoja na walowezi wa Kiingereza mwaka 1788. Mbawakawa wa nchi ile walikuwa wamezoea mavi makavu ya kangaruu, na wengi wao hawakuweza kuyashughulikia mavi ya ng'ombe, ambayo ni mengi na yenye maji. Kwa hiyo mavi yalikaa juu ya malisho muda mrefu, yakaharibu majani, na mainzi wakazaana humo kwa wingi. Mtaalamu George Bornemissza, mzaliwa wa Hungaria, aliliona jambo hilo baada ya kuhamia huko, akatoa shauri kwamba waletwe mbawakawa wa nchi zenye ng'ombe na nyati. Mwaka 1968 wageni wa kwanza wa mpango huo wa serikali walifunguliwa, na miongoni mwa walioletwa mlikuwamo aina nyingi za Afrika. Mmoja aliyesifiwa sana ni yule aitwaye sasa Digitonthophagus gazella, ambaye baadaye alipelekwa pia Amerika.

Katika kazi kama hiyo jina si pambo. Aina moja hupenda mchanga, nyingine udongo mzito. Moja hupenda mbuga, nyingine kivuli cha msitu. Moja huruka mchana, nyingine usiku. Anayeagiza aina moja akaletewa nyingine amepoteza fedha na miaka. Na hata huyo gazella, aliyejulikana dunia nzima, alikuwa na siri. Mwaka 2017 François Génier, yule yule aliyekuwa miongoni mwa wachunguzi wa Peru, pamoja na Philippe Moretto, walilinganisha upya wadudu waliohifadhiwa chini ya jina hilo na majina ya karibu, wakaonyesha kwamba kile kilichodhaniwa kuwa aina moja iliyoenea Afrika ni aina kadhaa zinazofanana. Wadudu wenyewe walikuwa wamelala masandukuni miaka mingi. Kilichokosekana ni jicho la kuwauliza tena.

MSITU UKITAWANYIKA

Kuna jambo moja la huzuni katika habari hizi. Mdudu wa porini aweza kumfuata ng'ombe popote aendako, lakini wengi wa msituni hawawezi kuishi penye jua kali. Msitu ukikatwa hawahami, hufa.

Mfano wake ulionekana nchini Venezuela. Huko lilijengwa boma kubwa la maji la Guri, na maji yalipojaa kufikia mwaka 1986 vilele vya vilima vilivyokuwa na msitu vikabaki kuwa visiwa. Mwaka 2005 Larsen, pamoja na Neal Williams na Claire Kremen, walichapisha habari za mbawakawa wa visiwa hivyo. Waliona kwamba wale wenye miili mikubwa walitangulia kutoweka, na kwamba hao wakubwa ndio waliokuwa wakizika mavi mengi kuliko wengine. Wadogo waliobaki hawakuweza kuijaza nafasi yao. Kwa hiyo kazi iliharibika upesi kuliko hesabu ya aina ilivyopungua. Ni kama kijiji kilichopoteza watu wachache tu, lakini waliopotea ndio waliokuwa na majembe.

Kenya nayo ina misitu ya namna hiyo iliyobaki kama visiwa kati ya mashamba. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya mashariki ya ile misitu mikubwa ya Kongo, na Arabuko-Sokoke ni kipande cha msitu wa pwani uliokuwa mrefu zaidi zamani. Chini ya majani yake kuna wadudu wanaofanya kazi kila usiku bila mshahara. Bandu bandu huisha gogo, na msitu vilevile.

MASWALI MATATU

Mtu akiokota mbawakawa na kumpeleka kwa mtaalamu bila maneno, amempa nusu ya habari. Makumbusho, kama yale ya Taifa yaliyoko Nairobi ambayo huhifadhi wadudu wengi, hutaka kila mdudu awe na kijikaratasi chake. Juu ya karatasi hiyo huandikwa majibu ya maswali matatu: Ameokotwa wapi? Siku gani, na saa ngapi? Alikuwa juu ya kitu gani? Mdudu asiye na karatasi hiyo ni kama barua isiyo na anwani: maandishi yamo ndani, lakini hayamfikii mtu.

Wala hakuna haja ya kuua ili kujifunza. Katika hifadhi za misitu mtu hana ruhusa ya kukusanya wadudu bila kibali, lakini kutazama hakukatazwi. Karani anayepita njia ya msitu jioni, au mkulima anayegeuza mavi bomani mwake alfajiri, aweza kuandika katika daftari tarehe, mahali, na alichokiona, na baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani. Na siku moja akimkuta mbawakawa ameng'ang'ania jongoo, asipite upesi. Ainame, atazame kama jongoo yu hai au amekufa, aangalie miguu ya nyuma ya huyo mdudu na upana wa kichwa chake, kisha aandike.

Hakuna aliyelificha jambo la mdudu wa Peru. Jina lake lilitangaza miguu yake tangu mwanzo, na kichwa chake chembamba kilionekana na kila aliyemfungulia sanduku. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuamua, kwa kuujua ukoo wake, kwamba naye ni mla mavi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na anayeuliza swali lile lile kila siku, kwa chambo kile kile, hupata jibu lile lile.